Chini ya Boneti: Kilomita elfu kumi za gari ya nani?

Swali la safari hii limeletwa na mwenzetu wa mwaka wa pili, binti wa Sharqiya, ambaye kila Alkhamisi mchana anafunga chumba chake cha bweni na kwenda kwao, na Jumamosi usiku tunamuona tena na mfuko wa tende. Nyumbani kwao kuna gari moja tu, Toyota Prado ya mwaka 2006, na dashibodi yake inasoma kilomita 312,000 na ushei. Hiyo ndiyo inayomleta chuoni pamoja na wadogo zake wawili, na mara moja kwa mwezi ndiyo inayomleta bibi yake Maskati kwenye miadi ya macho. Kutoka mlangoni kwao mpaka kwenye lami ni kilomita 19 za barabara iliyochongwa na greda, mawe madogo juu na vumbi laini kama unga chini yake.

Anauliza amwage oili kila baada ya kilomita ngapi. Ami yake anasema 3,000, na anayepita hapo anaiua injini kwa mikono yake. Gereji iliyoihudumia gari mara ya mwisho imebandika stika kwenye kioo cha mbele, imeandikwa 10,000. Kaka yake, anayefanya kazi Duqm na kuendesha pikapu mpya ya kampuni, anasema akitia oili ya sinthetiki anaweza kwenda 15,000 na alale usingizi. Halafu kaka huyo huyo anasema gari imeshachoka, iuzwe sasa kabla injini haijafa, wachukue mkopo wanunue nyingine. Kwa hiyo swali la oili limebeba swali jingine mgongoni, na ndiyo maana tumelipa nafasi kubwa kuliko lile la harufu ya eisii la toleo lililopita.

Kwanza tuwekane sawa kwenye maneno, maana klabu hii ni ya lugha kabla ya kuwa ya spana. Majumbani mwetu neno "mafuta" linabeba kila kitu: ya kupikia, ya nywele, ya taa, ya gari. Lakini ukimwambia mtu atie mafuta kwenye gari atakwenda moja kwa moja kituo cha petroli. Ya injini yanaitwa oili, na kuyabadilisha kunaitwa kumwaga oili. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyekulia Nizwa kwa Kiarabu na sasa anakifufua Kiswahili cha bibi yake, alipomsikia mtu anasema "jana nimemwaga oili" aliuliza kama imeshafutwa. Kumwaga hapa ni kazi nzima: kutoa ya zamani, kubadilisha filta, kutia mpya. Injini inayopunguza oili bila kuvuja inaambiwa inakula oili. Iliyojikaza na kufa imenoki. Na kuiteremsha ili ifunguliwe itengenezwe upya ni kushusha injini, maneno ambayo fundi akiyatamka tu mwenye gari anaanza kuhesabu ndugu wa kuwakopa. Haya tumeyapokea kwa ami na wajomba waliofanya kazi Unguja na Dar es Salaam kabla ya kuja huku, na tunaomba anayejua mengine atuletee.

Sasa hizo namba tatu.

Ami hasemi upuuzi. Alijifunza gari Unguja kwenye injini za karabureta, ambazo asubuhi zikiwa baridi zilimwaga petroli nyingi kuliko ilivyohitajika, na sehemu ya petroli hiyo iliteremka kwenye kuta za silinda ikaingia kwenye oili na kuifanya nyepesi. Oili zenyewe za wakati ule zilikuwa za daraja la chini. Leo kwenye galoni utaona herufi za API, taasisi ya Marekani inayopanga madaraja hayo. Kwa gari za petroli SN ilitoka mwaka 2010 na SP mwaka 2020, na kila daraja hupimwa kwa masharti magumu zaidi ya lililotangulia. Kilomita 3,000 ilikuwa busara ya gari zile na oili zile. Kwa gari yenye sindano za petroli na oili ya leo, ni kutupa oili ambayo bado ina kazi ndani yake. Ami tumemwambia hivyo kwa adabu. Amesema tutakuja kumwambia vizuri injini ikinoki.

Stika ya 10,000 nayo haikuokotwa. Inatoka kwenye jedwali la matumizi ya kawaida. Ila ukifungua kitabu cha gari, kile kinachokaa kwenye droo ya mbele na hakuna anayekisoma, utakuta karibu kila mtengenezaji ameweka majedwali mawili, au jedwali moja na maelezo ya ziada chini yake. La pili ni la mazingira magumu: barabara za vumbi, kuvuta trela, safari fupi fupi, foleni ndefu kwenye joto. Toyota kwa mfano, kwa gari zake za Marekani zinazotumia oili ya sinthetiki ya 0W-20, inasema maili 10,000 au miezi 12. Ukiwa unapita barabara za vumbi inashuka mpaka maili 5,000 au miezi sita. Nusu kwa nusu, na anayeipunguza ni mtengenezaji mwenyewe.

Halafu mtuambie, kati yetu nani anaishi kwenye jedwali la kwanza? Siku moja ya mwezi wa Juni 2018 pale Quriyat, pwani ya kusini ya Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 mchana na usiku. Oili inayoungua kwa joto inazeeka kwa kasi hata kama gari haisogei. Na sie tuna tabia ya kukaa garini na eisii imewashwa, nje ya maktaba, nje ya duka la chai, nusu saa, saa nzima, injini inazunguka na dashibodi haiongezi hata kilomita moja. Stika inahesabu kilomita. Injini inahesabu mizunguko. Wengi wenye kuendesha gari za kazi huichukua saa moja ya kusimama hivyo kuwa sawa na kilomita 40 hivi za barabarani, na ukifanya hesabu ya muhula mmoja wa vikombe vya karak utashangaa.

Kaka wa Duqm ana ukweli wake. Oili ya sinthetiki inavumilia joto zaidi na inachelewa kuharibika. Lakini kuna vitu viwili haiwezi. Haiwezi kuutoa mchanga ulioingia ndani, maana mchanga ndani ya oili ya bei ghali ni mchanga vilevile. Na haiwezi kufanya kazi kama haimo.

Hapo ndipo penye jibu letu. Kabla ya kumpa mwenzetu namba yoyote tulimwomba kitu kimoja: kwa wiki nane apime oili kila Alkhamisi kabla ya kuondoka na aandike. Kwa wasiojua, ni kile kijiti chenye kishikio cha rangi, mara nyingi cha njano, kilichochomekwa ubavuni mwa injini. Gari iwe sehemu iliyo sawa, si kwenye mteremko wa maegesho ya bweni. Injini iwe haijawashwa tangu usiku, au imezimwa dakika kumi ili oili irudi chini. Unakichomoa, unakifuta kwa tambara safi, unakirudisha mpaka mwisho, unakichomoa tena, ndipo unasoma. Alama ya juu ni kujaa, ya chini ni mwisho wa salama. Baina ya alama hizo mbili, kwa gari nyingi, ni kama lita moja. Usipime sehemu tofauti kila siku halafu ukaanza kugombana na namba.

Wiki ya nne kijiti kilikuwa kimeshagusa alama ya chini. Alitia lita moja, ikarudi juu. Wiki ya nane ikawa chini tena. Yeye kwa wiki anaenda kama kilomita 500, kwenda kwao na kurudi pamoja na mizunguko ya Seeb. Maana yake gari inakula lita moja kwa kila kilomita 2,000.

Sasa chukua lita moja kwa 2,000 uiweke mbele ya ile stika. Injini yake inachukua lita tano na kidogo. Ikienda kilomita 10,000 bila kufunguliwa boneti, lita tano zimeliwa. Hakuna oili ya kumwaga siku hiyo, na gari haifiki siku hiyo. Ingenoki njiani, na tukijua safari zake zilivyo, ingenoki kwenye zile kilomita 19, wadogo zake nyuma na bibi mbele, simu haina mtandao. Kwa namba ya kaka ya 15,000 hatuna haja ya kufanya hesabu. Stika inachukulia kwamba oili uliyotia siku ya kwanza ipo mpaka siku ya mwisho, na kwenye gari mpya ni kweli, ipo. Gari yenye 312,000 ni kiumbe kingine. Injini nyingi kuukuu haziuliwi na oili iliyopitisha muda; zinauliwa na oili iliyopungua kimya kimya huku mwenyewe akiangalia stika.

Na msitegemee taa. Ile taa nyekundu yenye picha ya birika kwenye dashibodi, katika gari nyingi, haipimi kiasi cha oili. Inapima mgandamizo. Inawaka pampu ikianza kunyonya hewa badala ya oili, na wakati huo vyuma vimeshaanza kusagana. Ikiwaka ukiwa unaendesha, simama pembeni na uzime injini hapo hapo, si kwenye kituo cha petroli kijacho.

Tulimpelekea bibi matokeo kwa simu, maana alikuwa anauliza kila wiki kama gari inaumwa. Akasema, "Basi ina njaa tu, mlisheni." Hatukuona la kuongeza.

Lakini kwa nini inakula? Hapa inabidi tuzungumze juu ya vumbi, na tunataka kwenda pole pole kwa sababu watu wengi wanadhani vumbi linaingia kwenye oili kupitia kwenye oili. Haliingii hivyo, au linaingia kidogo sana, kwa mfano ukifungua kifuniko cha kutilia oili upepo unavuma. Mlango mkubwa ni hewa. Injini inavuta hewa nyingi mno, na kila tone la petroli linahitaji hewa yake. Hewa hiyo inapita kwenye ea klina, lile sanduku la plastiki lenye filta ya karatasi iliyokunjwa kunjwa. Filta ikiwa nzima na sanduku limefungwa sawasawa, karibu vumbi lote linabaki pale. Kukiwa na upenyo, linakwenda kwenye silinda, linakaa baina ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, na linasugua kama msasa. Mchanga wa silika ni mgumu kuliko alumini na kuliko chuma cha kawaida. Ringi zikishalika, oili inapanda juu na kuungua pamoja na petroli, na vumbi linateremka chini mpaka kwenye sampu, yaani karai la oili lililoko chini ya injini, halafu pampu inalizungusha mpaka kwenye beringi.

Punje zinazodhuru zaidi ni zile ambazo jicho halizioni, zenye ukubwa unaokaribiana na unene wa utando wa oili baina ya chuma na chuma. Filta ya oili inazishika zile kubwa, hizi ndogo nyingi zinapita. Na filta ya oili ikijaa kabisa, ndani yake kuna vali inayofunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa, kwa hesabu kwamba oili chafu ni bora kuliko ukavu. Kampuni zenye malori na mitambo mikubwa hupeleka oili iliyotumika maabara; wakikuta silikoni imepanda wanajua gari inavuta vumbi, wanakwenda kutafuta upenyo kabla ya kitu kingine. Sie hatuna maabara. Tuna kidole.

Kipimo cha kidole ni hiki. Toa filta ya hewa, halafu ingiza kidole kwenye bomba la upande wa pili, upande wa kwenda injini, ulipite kwa ndani. Kidole kikitoka safi, filta na sanduku vinafanya kazi. Kikitoka na unga wa rangi ya barabara ya kwenu, vumbi limeshavuka, na hakuna oili wala stika itakayokusaidia mpaka upenyo uzibwe.

Kidole cha mwenzetu kilitoka cha rangi ya Sharqiya. Tulipolikagua sanduku tukakuta kibanio kimoja kati ya vinne kimevunjika, kwa hiyo kifuniko kilikuwa kinanyanyuka kona moja. Na filta yenyewe ilikuwa na mpasuko kwenye mkunjo, mwembamba, unaonekana ukiiweka mbele ya taa tu. Gereji moja alikokuwa akienda ilikuwa inaipuliza kwa kompresa kila alipopita, kwa nia njema na bila malipo, na kwa mgandamizo wa kujazia tairi. Karatasi ile haikuumbwa kwa hilo.

Hili tunalisema kwa sauti kwa sababu nusu ya wanaosoma safu hii wanafanya hivyo hivyo. Filta ya hewa iliyochafuka kidogo inachuja vizuri kuliko mpya, maana vumbi lililotangulia limeziba matundu makubwa. Kuitoa kila wiki, kuigongagonga kwenye tairi na kuipuliza ni kuiongezea nafasi ya kupasuka na nafasi ya kurudishwa vibaya. Iache. Ikague baada ya safari ya vumbi zito, igonge kwa upole vumbi lianguke kama ni lazima, na ikiwa nyeusi au imejaa nunua nyingine. Kibanio kilipatikana kwa fundi wa gari za ajali, filta mpya ilikuwa chini ya rial tano. Na mkienda mchangani Wahiba kwa msafara, msifuatane kama vifaranga. Anayekwenda nyuma ya gari nyingine kwenye wingu la vumbi anavuta kwa saa moja vumbi ambalo angelivuta kwa siku kadhaa. Acha nafasi mpaka uione barabara.

Tuseme ukweli: baada ya kuziba upenyo, gari haikuacha kula oili. Hatukutarajia. Ringi iliyolika haioti tena. Tulichokifanya ni kuzuia ulaji usiongezeke haraka. Vilevile tulibadilisha ile vali ndogo ya kupumulia ya injini, ambayo ikiganda husukuma oili kwenye njia ya hewa. Ni kitu cha bei ndogo na ni aibu kushusha injini kabla ya kukigusa.

Basi jibu. Kwa gari hii, na kwa barabara hii, amwage oili kila kilomita 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia. Kwake yeye ni wiki kumi, kwa hiyo miezi sita haitamfikia. Tumeiandika kwa ajili ya nyinyi mnaoacha gari nyumbani kwa babu na kwenda Unguja likizo nzima. Filta ya oili abadilishe kila mara, asikubali kuambiwa "hii bado nzuri". Washa ya kwenye nati ya kumwagia, mpya kila mara, ni ya baisa tu. Na kabla ya namba hiyo ya 5,000, kijiti kila Alkhamisi. Kikifika katikati ya alama atie nusu lita, asingoje kifike chini. Asipitishe alama ya juu pia: oili ikizidi inapigwapigwa na krenki mpaka inakuwa povu, na povu halilainishi kitu.

Aina ya oili ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Herufi W baina ya namba ni ya baridi, kwa hiyo kwenye 5W-30 au 10W-40 namba ya kwanza ni ya asubuhi ya Jabal Akhdar na ya pili ni ya injini ikiwa imepata moto. Vitabu vingi vya gari za huku vina mchoro unaoonyesha namba gani kwa joto gani, na gari kuukuu mara nyingi inaruhusiwa kupanda namba moja ya pili, kama mchoro unaruhusu. Ghali kabisa hana haja nayo, kwa sababu gari inayokula lita moja kwa 2,000 inajibadilishia oili yenyewe kidogo kidogo. Anunue ya wastani, ya daraja lililotajwa, kwenye duka analoliamini, kifuniko kikiwa na muhuri wake. Ya kuongezea akiipata ya kampuni nyingine yenye namba na daraja lilelile, atie bila hofu. Bora hiyo kuliko kungoja.

Oili chafu irudishwe gereji kwenye galoni. Hili tunawaambia hasa wale wanaomwaga wenyewe shambani. Kuna mtu, hatumtaji, aliyeimwaga mchangani hatua ishirini kutoka kwenye falaji inayonywesha mitende ya watu. Falaji tano za nchi hii ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006, na hata ile ya kijijini kwenu isiyo kwenye orodha ina wenyewe wanaogawana maji yake kwa saa.

Sasa lile swali la mgongoni, kuuza au kutouza. Tumefanya hesabu mbele ya kaka, kwa simu. Kwa mwaka gari inakwenda kama kilomita 26,000, kwa hiyo inakula lita 13 za kuongezea. Lita moja tuliyonunua sisi ilikuwa rial mbili na kidogo. Ni kama rial 30 kwa mwaka, na hizo hazitoshi malipo ya mwezi mmoja ya mkopo aliokuwa anautaja. Vitabu vya baadhi ya watengenezaji vinasema hata lita moja kwa kilomita 1,000 bado ni ndani ya mpaka. Tukapima kompresheni, silinda zote sita zikakaribiana. Asubuhi ikiwashwa hutoa moshi wa buluu kidogo kisha unakwisha, dalili ya sili za vali zilizokauka. Ingekuwa moshi unatoka kila akikanyaga mafuta kupanda mlima, tungeziogopa ringi zaidi.

Kwa hiyo tumemwambia asiuze sasa. Dalili za kumbadilisha mawazo tumemuandikia nyuma ya daftari: oili ikianza kuliwa lita moja chini ya kilomita 1,000, taa ya birika ikipepesa gari ikiwa imesimama na injini ina moto, au ikisikika sauti ya kugonga kutoka chini ya injini. Likitokea moja ya hayo, kaka atakuwa amepata hoja, na hapo tutamsaidia kuiuza huku tukimwambia mnunuzi ukweli. Kaka amekubali mpaka Juni, binti anapomaliza mwaka. Ami amekubali 5,000 kwa sharti kwamba stika ya gereji ibanduliwe, maana hataki kuiona. Imebanduliwa. Mahali pake kuna kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono wa mdogo wake wa darasa la sita: "Alkhamisi, kijiti."

Toleo lijalo ni tairi: jinsi ya kusoma zile tarakimu nne za wiki na mwaka ubavuni mwake, na kwa nini tairi yenye mistari mizuri inaweza kuwa mbovu. Wenye picha za tairi zilizopasuka kwenye joto watuletee kabla ya mwisho wa mwezi. Na aliyechukua jeki ya klabu airudishe.